Fifti f/1.8 na kazi za usiku: nilichokiona kwa miaka mitatu

Kila nikiweka picha za usiku watu wananiuliza dada umetumia flashi gani hiyo, na mimi nawajibu hakuna flashi hapo, ni lenzi. Halafu wanataka kujua lenzi gani, bei gani, inaingia kwenye kamera gani, na kujibu mmoja mmoja nimechoka, kwa hiyo leo nakaa chini niseme yote kuhusu Canon EF 50mm f/1.8 STM ambayo sisi wapiga picha tunaiita fifti tu, pamoja na kubwa zake nilizozipitia baadaye. Nimekaa nayo miaka mitatu, kwanza kwenye kamera ya Canon 700D halafu kwenye Canon 6D mtumba. Kazi zangu ni harusi, sendofu, kicheni pati na shughuli za kina mama ndani ya nyumba, hapa hapa Dar, mara chache Bagamoyo na Tanga.

Nianze na usiku ulionifanya niipende. Ilikuwa Magomeni, usiku wa hina. Mimi ni mwanamke ndiyo maana kazi hizi naitwa, mwanaume haingii mle. Chumba kidogo, mkeka chini, bi harusi kaegemea ukuta mikono kaiweka juu ya mto, na bibi yake ndiye aliyekuwa anamchora mwenyewe, alikataa kuletewa fundi, kashika koni ya hina ya nailoni anaiminya taratibu huku akinung'unika kisomo chake. Balbu ni moja tu darini. Saa tatu na kitu umeme ukakatika. Wasichana wakawasha tochi za simu, ule mwanga mweupe ukawa unampiga bibi machoni mpaka anakunja uso, nikawaomba wazime. Mtu akaleta chemli kutoka uani akaiweka juu ya kigoda, karibu kabisa na mkono wa bi harusi. Bibi akaniangalia akasema, "Mjukuu wangu, utaona nini humu, si ungoje umeme urudi?" Nikamwambia endelea tu bibi yangu, naona vizuri.

Na kweli nilikuwa naona. Tundu la lenzi f/1.8, ISO 1600 (namba ya kamera kuongeza nguvu ya mwanga), shata 1/80 ya sekunde (muda ambao kamera inaacha mwanga uingie). Mwanga wa chemli umelala upande mmoja wa uso wa bibi, kila kunyanzi linasomeka, hina mbichi inameta kwenye kiganja, na nyuma kule wasichana wamebaki vivuli vyekundu vyekundu. Ile picha ndiyo imeniletea kazi nyingi kuliko picha yoyote niliyowahi kupiga.

Sasa fanya hesabu uone ingekuwaje na lenzi iliyokuja na kamera. Ile 18-55mm ukiivuta mpaka mwisho tundu lake linaishia f/5.6. Chukua 5.6 gawanya kwa 1.8, jibu lizidishe kwa lenyewe, unapata 9.7, yaani fifti inaingiza mwanga karibu mara 10 zaidi. Kwa picha ileile ya chemli ningetakiwa kupanda ISO 15000 na ushee, wakati 700D mwisho wake wa kawaida ni 12800 na huko juu ni chenga tupu, picha imejaa vidoa vidoa. Au nibaki ISO 1600 nishushe shata mpaka 1/8 ya sekunde, na bibi mkono wake unatembea muda wote, ingetoka ukungu.

Kwa wale wanaoanza, hizi namba za f zisiwachanganye. Namba ya f ni urefu wa fokasi wa lenzi (zile milimita zilizoandikwa juu yake, 50 au 55, siyo urefu wa lenzi mkononi) ukiugawa kwa upana wa tundu, ndiyo maana namba ikiwa ndogo tundu linakuwa kubwa. 50 gawanya kwa 1.8 ni kama milimita 28. 55 gawanya kwa 5.6 haifiki milimita 10. Chora duara mbili za vipimo hivyo kwenye karatasi uzitazame, utaelewa kwa nini moja inaona gizani na nyingine haioni, hata kabla hujashika kamera.

Kuna watu wataniambia mbona 18-55 ina kile kitulizo cha mtikisiko, na fifti haina. Kweli haina. Lakini kitulizo kinatuliza mkono wako wewe mpigaji, hakimtulizi shangazi anayeingia na zawadi huku anacheza. Kama kazi yako ni majengo na barabara usiku, kitulizo au stendi ya miguu mitatu inakutosha kabisa na wala huhitaji kununua lenzi nyingine. Kazi yako ikiwa ni watu, unahitaji shata ya haraka, na shata ya haraka gizani inataka tundu kubwa, hakuna namna nyingine.

Halafu kuna suala la ngozi zetu, na hili naliwekea uzito kuliko yote. Kamera inapima mwanga kwa wastani wa kila kinachoonekana kwenye fremu. Bi harusi kavaa shela jeupe, kitambaa cha meza cheupe, keki nyeupe, kamera inaona pamejaa weupe inaamua kupunguza mwanga, na uso wake wa maji ya kunde unazama. Ukija kuunyanyua baadaye kwenye kompyuta unanyanyua na chenga, ngozi inakuwa ya kijivu kama imepakwa majivu, na yule dada atajiona kwenye albamu hivyo maisha yake yote. Flashi ya mbele nayo inafanya kinyume, inaacha mng'ao wa mafuta kwenye paji la uso na pua halafu nyuma yake pamekuwa shimo jeusi. Dawa ni kumpa uso mwanga wa kutosha palepale unapopiga. Mimi naongeza stopu moja nzima, yaani mwanga mara mbili, kukiwa na shela, napima usoni na siyo kwenye nguo, na hiyo stopu lazima itoke mahali fulani. Ukiwa na f/5.6 inatoka kwenye ISO, picha inaharibika. Ukiwa na f/1.8 unayo ya kutosha, ngozi nyeusi inatoka na rangi zake zote, ule wekundu wa chini na ule mng'ao wa shaba kwenye mashavu. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza iliyonifanya nitoe pesa kwenye lenzi na siyo kwenye flashi kubwa.

Basi tuje kwenye lenzi yenyewe. Ilitoka 2015, Marekani ilianza kuuzwa dola 130 hivi, mimi hapa Dar mpya nilitoa laki tatu na sabini. Gramu 160 tu, nyepesi kuliko simu nyingi. Bodi plastiki lakini pale inaposhikana na kamera ni chuma, tofauti na ile ya zamani ya 1990, ile II, ambayo hata pale palikuwa plastiki. Filta yake ni ya milimita 49. Unaweza kusogea mpaka sentimita 35 kutoka kwenye kitu, ile ya zamani iliishia 45, na hizo sentimita 10 kwenye picha za pete na hina zina maana kubwa sana. Visu vya tundu viko 7 na vimepindishwa, ya zamani vilikuwa 5, kwa hiyo zile taa ndogo za mapambo nyuma ya bi harusi zinatoka duara laini, hazitoki pembe tano. Kofia ya kuzuia mwanga wa pembeni haiji nayo kwenye boksi, unanunua mwenyewe, inaitwa ES-68, na inunue kweli maana taa za dijei zikikupiga kwa ubavu picha inafifia yote.

Mambo mawili ya kuyazoea. La kwanza, ringi ya fokasi haijaungwa moja kwa moja na vioo, inaongea na mota, kwa hiyo kamera ikiwa imezimwa unazungusha na hakitokei kitu. La pili, lenzi ikiwa inafokasi karibu pua yake inatoka nje. Usizime kamera ukaitupia kwenye begi pua ikiwa nje, irudishe kwanza ndani, maana ikigongwa vile ndipo mota inapoumia. Mlio wa mota upo kidogo, kama mtu anakuna karatasi kwa ukucha. Ukumbini hausikiki, ila ukirekodi video chumba kimya na maiki ya kamera utausikia.

Kwa f/1.8 katikati ya picha inakata vizuri, yaani inaonekana wazi bila ukungu, siyo ya kutisha, vizuri tu. Pembeni inalegea, na kwenye fulu fremu, yaani kamera zenye sensa kubwa kama 6D, zile kona nne zinaingia giza. Ukifunga mpaka f/2.5 au f/2.8 inakuwa lenzi nyingine kabisa. Udhaifu wake unaoonekana zaidi ni ule mstari wa zambarau unaozunguka vitu vya kung'aa, shanga za gauni, mkufu, ukingo wa glasi, hasa kukiwa na taa kali mbele ya giza. Programu ya kuhariri inautoa mwingi, ila kwenye shanga ndogondogo unabaki.

Sasa nije kwenye gharama ambayo hailipwi dukani, nayo ni kina, yaani unene wa ile sehemu inayokata kutoka mbele kwenda nyuma. Ule usiku wa hina nilipiga picha kama 200 na karibu nusu nilizitupa. Nilikuwa mita moja kutoka kwenye mkono wa bi harusi. Kwa 700D, f/1.8, umbali wa mita moja, sehemu inayokata ni kama sentimita 2.7 tu mbele na nyuma zikijumlishwa. Ncha ya koni ya hina inakata, kucha ya bibi inayoishika tayari imeanza kulainika, na kifundo cha mkono wa bi harusi kimeshapotea. Nikipumua tu nikasogea mbele sentimita mbili, fokasi imetoka kwenye ncha imeenda kwenye mto. Kwenye kioo kidogo cha nyuma ya kamera zote zilionekana safi. Nilipofika nyumbani nikazifungua kubwa, moyo ukaniuma. Picha ambayo bibi kanyanyua uso akamtazama mjukuu wake na kutabasamu, fokasi iko kwenye ushungi wake, macho hayapo. Hiyo siwezi kuipiga tena.

Kwa hiyo sasa nafanya hivi. Natumia kitone cha fokasi cha katikati tu, nakiweka kwenye jicho lililo karibu na mimi, napiga tatu tatu mfululizo nikiwa nimetulia, na sifokasi halafu nikahamisha fremu kwa mbali, maana kwa kina chembamba vile ukizungusha kamera tu fokasi imeshasogea. Mtu akiwa mita 2 kina kinafika sentimita 11 hivi, hapo unapumua. Watu wawili wamekaa bega kwa bega nafunga f/2.8, watu watatu f/4, na kama mwanga hauruhusu f/4 basi hapo ndipo natoa flashi, naielekeza darini au ukutani.

Nilipohamia 6D mambo yalibadilika zaidi ya nilivyotegemea, na siyo kwa sababu ya ukubwa wa sensa peke yake. Ile kamera ni ya 2012, ni ya zamani, vitone vyake vya fokasi ni 11 na cha maana ni kimoja tu cha katikati, lakini hicho kimoja kinashika mpaka -3 EV, yaani mwanga wa mwezi. 700D ilikuwa inahangaika kwenda mbele na kurudi nyuma, huku MC keshamaliza kutangaza na maharusi wamekata keki. Nasema hili kwa sababu watu wananunua lenzi ya tundu kubwa wakidhani fokasi itajipa yenyewe. Inasaidia, kwa kuwa kamera inafokasi tundu likiwa wazi kabisa, lakini bodi ya kamera nayo ina sehemu yake. 6D pia ina sehemu ya kurekebisha fokasi kwa kila lenzi, 700D haina. Ukikuta picha zako zote fokasi imeangukia masikioni badala ya machoni, tatizo ni kamera na lenzi kutoelewana, siyo mkono wako. Njia ya kujua ni kupiga kwa kutumia skrini ya nyuma badala ya kuchungulia kidirishani. Kwenye skrini kamera inapimia kwenye sensa yenyewe, ikikata huko na isikate kidirishani basi umepata jibu. Wenye zile kamera mpya zisizo na kile kioo cha ndani kinachopeleka picha kidirishani hawana shida hii kabisa, na kwao Canon wametoa fifti ya RF tangu 2020, f/1.8 hiyohiyo, uzito huohuo.

Kumbini sasa. Kumbi zetu siku hizi zimejaa taa za LED za zambarau na bluu, jukwaa zima zambarau, maharusi zambarau, keki zambarau. Lenzi yoyote hata ya bei gani haitakutoa hapo, rangi ikiwa moja tu ngozi haina cha kurudisha. Mimi huwa naenda kwa mtu wa taa mapema, namsalimia, namuomba wakati wa keki na wakati wa pete aweke nyeupe ya joto kwa dakika tano. Wengi ni waungwana wanakubali. La pili la taa hizi ni kupepesa. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo taa za bei rahisi zinawaka na kufifia mara 100 kila sekunde, jicho halioni lakini shata inaona. Ukipiga 1/250 picha moja inatoka na mwanga, inayofuata giza, au inakuwa na mikanda. Shuka 1/100 au 1/50 mikanda inaisha. Kwa hiyo kwa hotuba na kukata keki natumia 1/100, kwa kucheza napanda 1/200 nikipiga nyingi nichague. f/2, ISO 3200, hapo ndipo ninapoishi ukumbini.

Sasa swali ambalo nimeulizwa mara nyingi mno: je nichukue f/1.8 au niongeze pesa nichukue f/1.4? Canon EF 50mm f/1.4 USM nimeitumia miezi minne, ya kuazima kwa kaka mmoja wa fani. Ni ya 1993, gramu 290, filta 58. Mwanga inaongeza asilimia 65 hivi, yaani pale ulipokuwa ISO 3200 unakuwa ISO 2000. Unaona tofauti ukiitafuta. Lakini kwa f/1.4 picha inakuwa na ukungu fulani wa ndoto unaozunguka vitu vyeupe, wengine wanaupenda kwa picha za maharusi, mimi naupenda kwenye uso na siupendi kwenye shela. Ikifika f/2 ndiyo inakaa sawa, na kwa f/2 fifti ndogo nayo iko sawa. Fokasi ya karibu inaishia sentimita 45. Kwa maoni yangu, kama unayo f/1.8 STM tayari, usiiuze uende kwenye hiyo, hizo pesa ziweke.

Ziweke kwa ajili ya lenzi ya 35mm, ambayo inaona upana mkubwa zaidi. Hapa ndipo ninapotaka watu wanisikilize. Kwenye kamera ya krop, yaani yenye sensa ndogo kama 700D, fifti inaona sehemu nyembamba zaidi, inakuwa kama 80mm. Ukisimama mita 2 kutoka kwa mtu unapata upana wa sentimita 90 tu. Sasa mita 2 kwenye nyumba zetu ndiyo chumba kimeisha. Ule usiku wa Magomeni mgongo wangu ulikuwa umegota kabatini, na sikuweza kabisa kuwaweka bibi na mjukuu wote kwenye fremu moja wakiwa wamekaa kawaida. Nilipata uso wa bibi, nikapata uso wa bi harusi, nikapata mikono. Wote pamoja sikupata. 35mm kwenye fulu fremu mita 2 zilezile inakupa upana wa mita 2, mkeka mzima.

Nilichukua Sigma 35mm f/1.4 Art mtumba, milioni moja na laki moja. Ilitoka 2012, ikiwa mpya Marekani ilikuwa dola 899. Na watu wanashangaa mbona fifti bei ndogo hivi na 35 bei kubwa hivi wakati ni lenzi tu zote. Sababu ni kwamba mchoro wa vioo wa fifti ni wa zamani na mwepesi, ukoo wake unarudi mpaka lenzi ya Planar ya kampuni ya Zeiss aliyoichora Paul Rudolph mwaka 1896, vioo sita tu. Kutoka pale lenzi inaposhikia kamera ya Canon EF mpaka kwenye sensa ni milimita 44, maana kile kioo kinachopeleka picha kidirishani kinahitaji nafasi ya kunyanyuka. Lenzi ya 50 inakaa hapo bila shida. Ya 35 inabidi picha isukumwe kwa nyuma ili ipite hiyo nafasi, unaongeza vioo, unaongeza vioo vya kusahihisha makosa ya vile vioo, mpaka unafika 13 na gramu 665. Umelipia hizo gramu zote. Baada ya saa nne za sendofu mkono unazisikia, mimi nimenunua mkanda wa kuvaa begani kwa ajili yake.

Lakini kwa f/1.4 inakata kweli, siyo ule ukungu. Inasogea mpaka sentimita 30. Kwenye vyumba, kwenye magari ya maharusi, kwenye meza ya wazazi, haitoki kwenye kamera. Haifai kwa uso peke yake karibu sana, pua inakua na shangazi hatafurahi, hapo narudi kwenye fifti. Mwenye kamera ya krop asiinunue hii kwa ajili ya vyumba, kwake itakuwa kama 56mm, atafute ya 24 mpaka 30, au Sigma 18-35mm f/1.8 ya 2013 ambayo ni zumu kabisa, ila nayo ina gramu 810.

Neno kuhusu mtumba maana wengi tutanunua huko. Lenzi yangu ya kwanza kabisa ya mtumba, sitaji chapa wala aliyeniuzia, niliipokea usiku, nikaiangalia juu juu ikang'aa, nikalipa. Wiki ya pili nikaona picha zote za kinyume na taa zina utando mweupe. Nilipoimulika ndani kulikuwa na nyuzi nyuzi kama buibui mdogo katanda kwenye kioo cha katikati. Fangasi. Sisi wa pwani unyevu ndiyo hewa yetu, na lenzi ikikaa miezi kwenye begi la kitambaa ndani ya kabati inaota. Kwa hiyo ukienda kununua, fungua tundu lote, washa tochi ya simu, imulike kwa nyuma wewe uchungulie kwa mbele ukiinamisha inamisha, utaona kila kitu. Vumbi kidogo halina neno. Nyuzi, madoa yenye mizizi, mafuta kwenye visu vya tundu, rudisha. Iweke kwenye kamera yako mwenyewe, piga f/1.8 kwenye gazeti lililobandikwa ukutani, angalia kushoto na kulia kama vinalingana. Ukifika nayo nyumbani iweke kwenye deli la plastiki linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu, na vibadilishe, vikishashiba havifanyi kazi tena.

Mwezi uliopita nimeitwa tena familia ileile ya Magomeni, safari hii anaolewa mdogo mtu. Bibi bado yupo, macho yamepungua kidogo, koni kashika binti yake sasa na yeye kakaa pembeni anaelekeza, hapo ongeza, hapo acha. Umeme ulikuwepo, balbu ileile moja. Nilimwamkia, akanikumbuka, "Wewe ndiye wa chemli." 6D na ile 35, nimekaa chini mkekani kwenye kona, mita moja na nusu kutoka kwao. Sikufungua f/1.4. Nilifunga f/2.8 nikapandisha ISO 3200 ili nipate sentimita 30 za kukata, na ndani ya hizo 30 wakaingia wote watatu, bibi kanyoosha kidole, binti kainama, mjukuu kafumba macho anacheka. Kesho yake asubuhi bibi akanitumia ujumbe kwa simu ya mjukuu, anataka hiyo iwe kubwa, ya ukutani, na fremu ya mbao.